Mtwara au Pemba? Mwongozo kamili wa kupima maisha ya nchi mbili kabla hujafunga mizigo

Jioni moja kijiweni Chikongola, hapa Mtwara mjini, fundi seremala tunayekunywa naye kahawa alitusikilizisha ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba wake aliyeko Pemba, Msumbiji. Mjomba anasema njoo, mbao zipo, wateja wapo, mafundi wa milango ndio hawatoshi. Wazee wawili wakamjibu papo hapo. Mmoja akasema kule ni shida tupu. Mwingine, ambaye zamani alikuwa akivusha vitenge, akasema kule pesa iko nje nje. Hakuna aliyemuuliza ana watoto wangapi.

Mwongozo huu umetokana na daftari tulilolijaza pamoja baada ya usiku ule. Nimetumia Mtwara mjini na Pemba kwa sababu ndiyo safari iliyokuwa mezani, lakini hatua ni zilezile hata kama unaitwa Muscat, Johannesburg au Nairobi. Unahitaji daftari, kikokotoo cha simu, bando la kupiga na kutuma sauti, na watu watatu wanaoishi huko unakotaka kwenda. Nasema watatu, maana mmoja atakuwa anataka uje, mwingine hataki, na wa tatu ndiye atakayekutajia bei ya mchele. Jipe wiki tatu za kuanzia.

Hatua ya 1: Andika watu kabla ya nchi

Ukurasa wa kwanza chora safu, moja kwa kila mtu ambaye maisha yake yatabadilika ukihama au ukiondoka ukawaacha. Kwa fundi zilitoka safu sita: yeye, mkewe, binti wa kidato cha pili, kijana wa darasa la tatu, mtoto mchanga, na mama yake mzazi mwenye presha anayechukua dawa hospitali ya Ligula kila mwezi.

Chini ya kila jina andika swali moja tu, lile ambalo jibu lake likiwa baya mtu huyo ataumia. Swali la fundi ni la kipato. La mkewe ni kama ataweza kuuza vitumbua na samaki wa kukaanga getini kama anavyouza hapa, kwa sababu madaftari na sare za watoto hutoka kwenye karai lile. La binti ni lugha ya shule. La mama ni dawa, na nani atampeleka hospitali. Fundi alipoona safu zote kwenye karatasi moja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa nalinganisha msumeno wangu tu."

Hatua ya 2: Shuka kutoka nchi hadi mtaa

Tanzania ilihesabiwa watu 61,741,120 katika sensa ya 2022, na mkoa wa Mtwara watu milioni 1.63. Msumbiji katika sensa yake ya 2017 ilikuwa na watu wapatao milioni 28, na mkoa wa Cabo Delgado, ulio na mji wa Pemba, milioni 2.3 hivi. Ukisoma mahali kwamba maisha ya Msumbiji yako hivi au vile, mara nyingi anayesema yuko Maputo, kusini kabisa jirani na Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Pemba. Ni sawa na mtu kuuliza maisha ya Newala ukamjibu kwa bei za Masaki, Dar es Salaam.

Kwa hiyo futa neno "Tanzania" na neno "Msumbiji" kwenye kichwa cha daftari, andika mji, kisha mtaa. Na linganisha mitaa inayolingana. Ukichukua Shangani ya hapa, yenye upepo wa bahari na nyumba za uzio, ilinganishe na Wimbe ya kule penye ufukwe wa watalii. Ukichukua Magomeni au Chikongola, uliza habari za mitaa ya ndani, au Paquitequete, mtaa wa kale wa wavuvi wanaozungumza Kimwani, lugha iliyo karibu sana na Kiswahili hata utadhani wanakutania.

Angalizo dogo la mtandaoni: ukiandika "bei ya nyumba Pemba" utaletewa Chake Chake na karafuu. Andika "Pemba Cabo Delgado", na ukiweza tafuta kwa Kireno.

Hatua ya 3: Soma takwimu za taifa, ila ujue zinavyopikwa

Kipimo kinachotajwa sana ni Faharasa ya Maendeleo ya Binadamu, inayotolewa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1990 kwa wazo la mchumi wa Kipakistani, Mahbub ul Haq. Katika ripoti ya 2023/24, inayotumia takwimu za 2022, Tanzania ilipata 0.532 na nafasi ya 167, Msumbiji 0.461 na nafasi ya 183, kati ya nchi 193. Afrika Kusini ilikuwa na 0.717.

Namba hizo zinachanganya mambo matatu: umri wa kuishi, miaka ya shule, na pato la mtu kwa mwaka. Kila kimoja hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 1. Kwa umri, chini kabisa ni miaka 20 na juu kabisa ni 85. Nchi ambayo watu wake hutarajiwa kuishi miaka 67 unatoa 20, inabaki 47, unagawa kwa 65, unapata 0.72. Miaka ya shule na pato navyo vina viwango vyao, kisha alama tatu zinazidishwa na kutafutiwa kipeuo cha tatu, ili nchi yenye fedha nyingi isifiche shule zake mbovu. Hakuna humo maji ya bomba, hakuna usalama wa barabara, hakuna amani. Kwa mtu anayetaka kuhama, hivyo vitatu ndivyo vinavyomnyima usingizi.

Pato la mtu nalo lina mtego, na sisi wa Mtwara hatuhitaji kufundishwa huo. Gesi ya Mnazi Bay tunayo, ikasafishwa Madimba, ikaingia bombani kwenda Dar es Salaam tangu 2015. Takwimu za taifa zilipanda, na muuza pweza wa Feri ya hapa akaendelea kuuza pweza. Kule kwa jirani, meli ya kwanza ya gesi iliyopoozwa hadi kuwa kimiminika iliondoka kwenye bahari ya Cabo Delgado Novemba 2022. Fedha ile ikigawanywa kwenye makaratasi kila Msumbiji anaonekana kaongezewa kitu. Usiiandike kwenye bajeti yako.

Ndiyo maana baada ya pato tafuta kipimo cha mgawanyo, kiitwacho Gini: 0 ni watu wote sawa, 100 ni mmoja kachukua vyote. Tanzania iko karibu na 40, Msumbiji imepita 50, na Afrika Kusini, ambako vijana wetu wengi hutamani kwenda, ilipimwa 63, ya juu kuliko nchi yoyote iliyopimwa. Gini ikiwa kubwa, wastani wa taifa haukuhusu. Uliza wewe utaangukia upande gani.

Kama una nafasi ya namba moja tu kutoka kwenye makaratasi ya serikali, mimi huchukua udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, kwa sababu humo kuna chakula, maji, choo na zahanati kwa pamoja, na mtoto hawezi kudanganya urefu wake. Tanzania, utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulipata asilimia 30. Msumbiji, utafiti wa 2022 hadi 2023 ulipata 37. Zote mbili si za kujivunia.

Funga ukurasa huo. Umekuonyesha upepo unakovuma, lakini ngalawa ni ya kwako.

Hatua ya 4: Jaza kikapu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na hapa ndipo wengi huharibu.

Kwa wiki mbili andika kila kitu nyumba yako inachonunua hapa Mtwara, hadi kiberiti. Usiandike unachodhani unanunua. Fundi aliapa nyumba yake haili mkate. Daftari likaonyesha mikate mitatu kwa wiki, yote imenunuliwa na mtu anayeitwa "watoto". Panga kwa mafungu manne: chakula, nyumba na nishati, usafiri na simu, na mambo ya dharura kama dawa, msiba na michango ya shughuli.

Sasa vipimo. Hapa samaki huuzwa kwa fungu, muhogo kwa fungu, mkaa kwa kopo au gunia, mahindi kwa debe au sado, maji kwa dumu. Fungu si kipimo, ni hisia za muuzaji siku hiyo. Azima mizani, pima mafungu matano ya dagaa, chukua wastani, andika bei kwa kilo. Mwombe ndugu yako wa Pemba afanye vivyo hivyo, maana kule nako nafaka huuzwa kwa bati la lita 20 ambalo ni ndugu wa debe letu. Asipokuwa na mizani, akutumie picha ya fungu limewekwa kando ya soda. Utacheka, lakini inafanya kazi kuliko maneno "samaki kule bei rahisi".

Halafu kuna suala la vitu visivyofanana. Asubuhi yetu ni chai na vitumbua, chapati, au muhogo wa kuchemsha, na msimu wake ming'oko. Asubuhi ya mijini Msumbiji ina mikate midogo ya duara waliyoachiwa na Wareno, inanunuliwa ya moto kila siku. Ukilazimisha kikapu cha Mtwara kule utaona maisha ni ghali, kwa sababu unatafuta vitu ambavyo wenyeji hawali. Ukichukua kikapu cha wenyeji utaona ni nafuu, ila utakuwa unakula usichokizoea. Fanya hesabu mara mbili: kikapu chako kwa bei zao, na kikapu chao kwa bei zetu. Ukweli wa mfuko wako uko katikati, na mwaka wa kwanza uko karibu zaidi na kikapu chako, hasa kama kuna mama mzee ambaye hatabadili ugali wake wa muhogo na kisamvu kwa ajili ya safari ya mtu.

Fedha ya kule ni metikali. Mwaka 2006 walifuta sifuri tatu, kwa hiyo ukisikia mzee anataja bei ya kushangaza, muulize kama anahesabu kizamani. Kwa miaka kadhaa dola moja imekuwa ikibadilishwa karibu na metikali 64. Bei ya shilingi yetu ndiyo inayopanda na kushuka, kwa hiyo andika kiwango cha ubadilishaji pamoja na tarehe juu ya ukurasa. Andika viwango viwili: cha benki, na kile utakachopewa kweli na wabadilishaji wa mpakani. Kinachotumika kwenye daftari ni hicho cha pili.

La mwisho kwenye kikapu, ambalo vitabu havisemi: msimu. Usijaze daftari la Mtwara mwezi wa kumi na moja peke yake. Minada ya korosho ikishafunguka Oktoba na malipo ya vyama vya msingi yakaanza kuingia, mji mzima hupumua. Bodaboda mpya, mabati, harusi, na milango. Fundi wetu hutengeneza vitanda vingi kati ya Novemba na Januari kuliko miezi sita inayofuata. Kuanzia Machi anakopa sembe dukani, na jirani yake mkulima anaanza kushawishika na kangomba, wanaonunua korosho kwa bei ya chini nje ya chama. Basi chukua mwezi mmoja wa neema na mmoja wa njaa. Muulize na mjomba wa Pemba: huo wingi wa wateja ni wa mwaka mzima, au ametuma sauti katikati ya msimu wao? Maana Cabo Delgado na Nampula nako wanalima korosho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Hatua ya 5: Geuza bei kuwa siku zako za kazi

Kubadili metikali kuwa shilingi hakutoshi. Swali ni unafanya kazi muda gani ili upate kilo ya mchele. Namba zifuatazo ni za mfano wa kukokotoa tu, weka zako.

Tuseme fundi hapa analipwa shilingi 25,000 kwa siku ya saa nane. Saa moja ni shilingi 3,125. Mchele ukiwa 3,000 kwa kilo, anafanya kazi dakika 58 kuupata. Kule tuseme anaahidiwa metikali 1,000 kwa siku, yaani 125 kwa saa, na mchele ni metikali 80. Dakika 38. Pemba imeshinda, mizigo ifungwe.

Ngoja kwanza. Hapa anapata kazi siku 20 kwa mwezi, kwa kuwa watu wanamjua, na hata mbao anakopeshwa. Kule miezi ya mwanzo, hana jina, tuseme apate siku 12. Mapato ya mwezi hapa ni shilingi 500,000. Yagawe kwa siku 30 za kula, maana tumbo halipumziki Jumapili: 16,667 kwa siku. Kilo ya mchele inakula asilimia 18 yake. Kule ni metikali 12,000, gawa kwa 30, metikali 400 kwa siku. Kilo ileile inakula asilimia 20. Pemba imeshindwa, kwa ujira uleule na bei ileile.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mjomba si "wanalipa ngapi kwa siku?" Muulize: "Mjomba, mwezi uliopita fundi wako alifanya kazi siku ngapi, na kati ya hizo alilipwa siku ngapi?"

Ongeza na kipato cha pili. Mke akikosa kuuza miezi mitatu, karai lile litolewe kwenye mapato ya upande wa pili. Mtu akisahau hili hesabu yake yote ni ya mwanaume aliyekwenda peke yake.

Hatua ya 6: Umeme, maji, shule, hospitali

Usiulize "umeme upo?" Kila mtu atasema upo. Uliza: "Mara ya mwisho ulikatika lini, ukarudi saa ngapi?" Kisha uliza wiki inayofuata tena. Sisi tuna LUKU, wao wana Credelec, mtindo mmoja wa kununua kabla ya kutumia. Umeme wao mkubwa hutoka bwawa la Cahora Bassa kwenye mto Zambezi, lenye uwezo wa megawati 2,075, na sehemu kubwa huuzwa Afrika Kusini. Unaona tunavyofanana.

Maji vivyo hivyo: siku ngapi kwa wiki, na dumu la lita 20 ni bei gani siku yasipotoka.

Shule inahitaji ukurasa wake. Ada zenyewe hazitofautiani sana kwenye karatasi: hapa elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne, ikafika cha sita 2022, kule sheria ya 2018 imefanya elimu iwe ya lazima na bila ada hadi darasa la tisa. Tofauti ni lugha. Kijana wa darasa la tatu anasoma kwa Kiswahili, kule atakuta Kireno, na akiwa mdogo hivyo atakiokota uwanjani kwenye mpira. Binti wa kidato cha pili ndiye mwenye mzigo. Amehangaika miaka miwili kuhamia Kiingereza, sasa anaambiwa aanze Kireno kwenye madarasa ya juu, mtihani wa taifa uko mlangoni. Mimi ningesema wazi: mtoto aliyeko sekondari asihamishwe nchi kwa sababu ya milango na madirisha. Amalize kidato cha nne kwa shangazi, kisha atachagua.

Hospitali, pima kwa ugonjwa ulio nao nyumbani kwako. Kwa mama mwenye presha: dawa ileile inapatikana, kwa jina gani, kwa umbali gani, na nani atamfasiria kwa daktari. Mtwara ina Ligula, na sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kwa waliopo bara kuna Ndanda, na Lindi kuna Nyangao. Pemba ina hospitali ya mkoa, na rufaa kubwa ya kaskazini yao iko Nampula. Andika kilomita na nauli, usiandike "hospitali ipo".

Hatua ya 7: Usalama na hali ya hewa

Hapa usitumie wastani. Tumia tarehe na ramani. Mapigano ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 wauaji walivuka mto Ruvuma, ulio mpaka wetu, wakaingia Kitaya, upande wetu. Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi. Kuna wakati waliokimbia makazi walizidi watu milioni moja, na wengi wao walijaa Pemba. Hilo linakueleza na mambo mengine: kwa nini vyumba vimekuwa na foleni, kwa nini milango inahitajika, na kwa nini vibarua wa kupigania kazi ileile ni wengi.

Chora njia utakayopita na wilaya zake. Kutoka Kilambo kuvuka kwenda Namoto ni karibu kwa macho, lakini barabara ya kuendelea hadi Pemba inapita wilaya zilizoumia. Njia ya Daraja la Umoja, lile la mita 720 la Mtambaswala lililofunguliwa Mei 2010, inakuzungusha Negomano, Mueda na Montepuez. Ni ndefu. Uliza madereva waliopita wiki hiyo, si mwaka huo.

Uwe mwadilifu lakini. Msumbiji ilikuwa na vurugu baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024, na sisi yetu tuliyaona Oktoba 2025, siku ambazo hata intaneti haikuwepo. Daftari lisiandikwe na mtu anayedhani matatizo yanaishi ng'ambo tu ya mto.

Vimbunga: Kenneth, Aprili 2019, alituhamisha Mtwara usiku halafu akashukia Cabo Delgado. Chido akarudi hukohuko Desemba 2024. Kwetu Hidaya wa Mei 2024 alikata barabara ya Dar hadi Lindi pale Somanga, na bidhaa zikaadimika. Swali la kujaza: paa la nyumba utakayopanga limefungwa kwa nini, na mwaka wa kimbunga lilibaki?

Hatua ya 8: Karatasi na ardhi

Pasipoti yetu ni shilingi 150,000. Zidisha kwa watu wanaohama, na uiweke kwenye gharama. Kutembelea ndugu na kufanya kazi ni ruhusa mbili tofauti. Fundi anayefungua karakana kwa muhuri wa matembezi anajitafutia usumbufu wa kila mwezi, na kila usumbufu una bei. Uliza gharama za kibali cha ukaazi na namba ya mlipakodi kabla ya kuuza randa.

Ardhi ya nchi zote mbili ni ya umma, mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Kwa Msumbiji, sheria ya ardhi ya 1997 inamtaka mgeni awe ameishi huko angalau miaka mitano, na awe na mradi wa uwekezaji uliokubaliwa. Maana yake shamba la mikorosho la hapa Naliendele usiliuze kwa matumaini ya kununua la kule. Kuhusu uraia, sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Hatua ya 9: Watu

Kwa Wamakonde na Wamakua mjomba ni mjomba kwelikweli. Ukoo unakwenda kwa mama, na mto Ruvuma haukuwahi kuuliza pasipoti. Wakati wa vita vya ukombozi waliovuka walikuja kwetu, wengine wakakaa kambi ya Rutamba huko Lindi, wengine hawakurudi tena. Kwa hiyo fundi haendi ugenini kabisa, na hiyo ni mali. Iandike: chumba cha bure miezi miwili, mtu wa kukukopesha kifaa, mtu wa kukusemea Kireno.

Ila iandike na upande wa pili. Mjomba anayekupa chumba atakupa na amri. Na msiba ukitokea Mtwara, nauli ya kurudi ni kiasi gani na siku ngapi njiani? Nimeona watu wakilinganisha bei ya sukari hadi senti, wakasahau kuandika maziko. Kuna methali huwa tunawatisha nayo wanaotaka kuondoka, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nadhani aliyeitunga alikuwa na mbacha mzima. Kama mbacha wako umetoboka, hesabu matundu.

Hatua ya 10: Usijumlishe alama

Wengi hupenda kutoa alama kwa kila jambo halafu wajumlishe: Mtwara 63, Pemba 58. Mimi sifanyi hivyo. Mchele wa bei nafuu hauwezi kufidia dawa ya presha isiyopatikana. Rudi ukurasa wa kwanza kwenye yale maswali sita. Kila swali lenye jibu baya lisilorekebishika, lizungushie wino mwekundu. Mwekundu mmoja unamzuia mtu huyo, si lazima uzuie wote. Ukishamaliza wekundu, ndipo waliobaki uwalinganishie mfuko wa Hatua ya 5.

Kwa fundi zilitoka duara mbili: binti na mama. Kumbe swali lake halikuwa tena "tuhame au tusihame". Lilikuwa "niende peke yangu miezi minne ya kiangazi cha kazi hapa, nirudi kabla ya minada?" Hilo swali halikuwepo kijiweni usiku ule, na hesabu yake ni nyepesi zaidi: pasipoti moja, nauli mara mbili, na kutuma fedha kila wiki. M-Pesa ipo nchi zote mbili, lakini muulize wakala makato ya kuvusha mpaka, usidhani ni kama kumtumia mtu wa Masasi.

Hatua ya 11: Nenda ukapime mwenyewe

Kaa siku kumi na nne, na uzikae kama mkazi. Nunua mwenyewe sokoni kwa kikapu chako. Panda daladala yao, wanaiita chapa, saa ya watu kwenda kazini. Pita zahanati asubuhi uhesabu foleni. Simama nje ya shule watoto wakitoka usikilize wanaongea lugha gani. Fanya kazi ya kulipwa hata siku moja chini ya fundi mwenyeji, uone analipwaje na lini. Usiku mmoja ulale chumba cha aina utakayomudu, badala ya kwa mjomba.

Mambo madogo ya safari: wao wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa yako ya mkononi itakudanganya hadi uirudishe. Ukikaribia mto simu inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo na kulamba salio, zima data. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Bei zote andika siku hiyohiyo jioni, pamoja na jina la soko.

Ukirudi, kabla hujasimulia mtu yeyote, fungua Hatua ya 4 ulinganishe bei ulizotumiwa na ulizozikuta. Fundi alirudi mwezi wa saba. Mchele ulikuwa kama alivyoambiwa, samaki nafuu zaidi, chumba karibu mara mbili ya alivyotajiwa. Siku za kazi alizohesabu mwenyewe zilikuwa tisa katika kumi na nne, na mbili kati ya hizo bado anadai.